Do Ikihama

Mimi hupiga viola ya pili. Nalisema mapema kwa sababu watu wengi wa mji huu, nikiwaambia napiga viola, hudhani nimeshindwa kutamka jina la fidla. Sikushindwa. Viola ni dada mkubwa wa fidla, mnene kidogo, mwenye sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi, na ni wachache wanaomchagua kwa hiari yao. Mimi nilipewa. Katika shule yetu ya sekondari huko Ukambani kulikuwa na kabati moja la vyombo vya muziki, msaada wa wageni, na mwalimu alipomaliza kuwagawia fidla wasichana waliokaa mbele, kilibaki kile chombo kimoja kikubwa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma.

Mwalimu mwenyewe hakujua kusoma noti za viola. Zina ufunguo wao, si ule wa fidla wala ule wa piano, na vitabu vyote vya kabatini vilikuwa vya fidla. Akaniuliza kama najua solfa. Nilimcheka, Mungu anisamehe. Nani kwetu hakujua solfa? Mama aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa tangu kabla sijazaliwa, na kila wimbo mpya uliingia nyumbani kwetu kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t, zimeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, zimepakaa unga. Nilizijua kabla sijajua kuandika jina langu. Basi mwalimu akanionyesha do iko kwenye kidole gani na uzi gani, akaniacha nijitafutie mengine. Hivyo ndivyo nilivyojifunza, na vidole vyangu havijawahi kulalamika.

Asiyelelewa kanisani nimweleze jambo moja, maana ndilo lililoleta vita. Herufi za solfa hazikwambii noti iko wapi. Zinakwambia iko umbali gani kutoka kwa do, na do inaweza kukaa popote. Wimbo ukibadilika katikati, do inahama, na mwandishi mwema wa kwaya huweka pale noti ya daraja: herufi mbili zimebanana, moja ya do ya zamani, moja ya do mpya, ili mwimbaji avuke. Mama alikuwa akituambia jikoni, akipiga meza kwa mwiko, "Do ikihama, hama nayo. Usibaki ukilinda nyumba." Wale waliobaki wakilinda nyumba aliwataja kwa majina hadi kwenye chakula cha jioni.

Sasa mimi ni mtu mzima. Nafanya kazi katika ofisi ya serikali katikati ya mji, upande wa mafaili, na naishi karibu na Dagoretti Corner. Mwaka juzi nilisikia kwamba kuna watu wanataka kuunda kundi la wapigaji sita, fidla mbili, viola mbili, selo mbili, zile kubwa za kubanwa magotini, na kwamba wametafuta viola ya pili Nairobi nzima hawajaipata. Nilikwenda. Walinisikiliza dakika kumi, wakanipa kiti. Sijawahi kupewa kitu katika mji huu nikakifurahia vile, hata barua ya kuajiriwa.

Tulikuwa tukifanya mazoezi kila Jumamosi asubuhi huko Karen, katika sebule ya mama mmoja mpenda muziki aliyetukaribisha bila kudai chochote ila tuvue viatu. Kiongozi wetu alikuwa fidla ya kwanza, kijana wa hapa hapa aliyesomea ng'ambo na kurudi na shahada na skafu. Nilimwita mwalimu ingawa nimemzidi umri, kwa kuwa alijua, na ajuaye apewe haki yake. Tulikuwa na kazi mbili za wale watunzi wa zama za mapenzi na machozi: moja ya Mjerumani, moja ya Mrusi. Muziki huo uko wazi kama mama mkwe aliyekasirika, wala hauhitaji shahada kuuelewa. Mjerumani anaanza sehemu yake ya pili kwa huzuni inayotembea kwa miguu, hatua kwa hatua, halafu anaigeuza na kuigeuza mpaka inakuwa ukaidi. Sehemu hiyo nilipenda kuipiga hata bila watu.

Na kweli, karatasi yangu ilijaa herufi. Ufunguo wa viola nimeshajifunza, nikiwa na muda nausoma vizuri, lakini muziki ukianza kukimbia macho yangu hurudi kwa mama. Kwa hiyo chini ya kila mstari niliandika d, r, m zangu, kwa unadhifu, kwa wiki nyingi, wakati wa chakula cha mchana ofisini, nikila ndizi kwa mkono wa kushoto.

Wiki moja kabla ya tamasha letu, nikakosea. Lilikuwa kosa ambalo mtu wa noti za mistari hawezi kulifanya hata akitaka. Mahali fulani katika kazi ya Mjerumani do inahama. Herufi mpya nilikuwa nimeziandika sawasawa, lakini daraja nimesahau kuliweka. Tulipofika pale kwa kasi, wenzangu watano wakahama, nami nikabaki. Vipimo vinne vizima nilipiga herufi sahihi kwenye do ya zamani, kwa nguvu na kwa imani, na kilichotoka kilimfanya hata paka wa mwenye nyumba aondoke sebuleni. Kiongozi alisimamisha upinde, akainuka, akaja kuangalia karatasi yangu. Hadi siku hiyo hakuwa amewahi kuiona kwa karibu.

"Hii ni nini umeandika hapa?" akauliza.

Nikamwambia solfa.

"Solfa ya kwaya?"

"Kwani kuna ingine?"

Mwenye nyumba alisogea naye akachungulia, akauliza kwa upole kama ni siri fulani tunayoandikiana. Hakuwa na ubaya. Ila kiongozi aliona aibu, niliiona ikimpanda kutoka kwenye kola. Alicheka kicheko cha kumwonyesha mama yule kwamba yeye hayumo. Kisha akanihutubia mbele ya wote. Alisema kundi hili lina safari, kwamba kwenye tamasha kutakuwa na wageni wanaoweza kutualika mbali, kwamba watu watakuja mbele kupiga picha stendi zetu, na kwamba hawezi kupeleka karatasi za kijijini. Nilikubali kosa langu. Nilimwambia daraja lilikosekana na ningeliweka leo. Akasema si suala la daraja.

"Madam, futa zote. Kabla ya Saturday ijayo. Ama hicho kiti tukitafutie mtu anasoma."

Watu wanne waliangalia soksi zao. Hata yule wa selo ya pili, fundi wa friji kutoka magharibi ya nchi, mtu niliyemhesabu rafiki kwa kuwa duka lake liko hatua chache kutoka steji ya matatu pale Dagoretti Corner na tulikuwa tukisaidiana kubeba vyombo. Naye aliangalia soksi. Nilisikia uso wangu ukiwaka. Nilitaka kusema mengi, na kwa mara moja maishani nikasema machache.

"Mwalimu, ukitaka kunitoa, nitoe kwa kupiga vibaya. Kwa kuandika, hapana. Sifuti."

Alirudi kitini, tukaendelea, na mahali pale nilihama pamoja nao.

Wiki hiyo nilipata washauri wengi. Mwenzangu wa ofisini, mtu wa amani, aliniambia mkono usioweza kuukata, ubusu. Nikamwambia huu wa kwangu nimeuinamia vya kutosha. Lakini nisijifanye shujaa. Jumatano nilikaa mezani nyumbani na ufutio mkononi. Nilifikiria kiti kile, jinsi nilivyokingoja tangu sekondari bila kujua nakingoja, na nikajiambia ni penseli tu, mwanamke wewe, herufi tu, futa ukae. Nilifuta mstari mmoja. Nikapiga mstari huo. Noti zilitoka zote, na hazikuwa zangu. Zilikuwa kama salamu ya mtu anayesoma kutoka kwenye karatasi ya hotuba. Nikaziandika upya, na daraja nikaliweka kubwa, nikalizungushia duara.

Kesho yake baada ya kazi nilipita kwa fundi tufanye mazoezi, kwa sababu sehemu zetu mbili hutembea pamoja na hasira yangu haikuwa sababu ya kuharibu muziki. Duka lake lina chumba cha nyuma. Tulikaa katikati ya friji zilizofunguliwa matumbo, tukapiga polepole. Yeye ana mazoea ya kunong'ona sehemu yake akipiga, ta ta ta. Tulipofika pale pagumu, ta ta ta ikamponyoka, nikamsikia waziwazi akinong'ona: la, la, ti, do. Nikasimamisha upinde. Nikamtazama. Akatazama friji.

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu utotoni, baba yake alikuwa mwalimu wa kwaya. Nikamuuliza mbona karatasi yake ni nyeupe kama kanzu ya padri.

"Mimi nilifuta," akasema. "Ile mwezi ya kwanza. Aliniambia tu tukiwa wawili, nikafuta. Tangu siku hiyo, dadangu, mimi hupiga nikiogopa."

Nilimkasirikia, na nitaandika kwamba nilimkasirikia. Alijua. Alikuwa amekaa na soksi zake akijua, na angeweza kusema neno moja tu, tukawa wawili. Nilimwambia hivyo hivyo. Hakujitetea. Alisema ana watoto shuleni, ana wateja wa friji huko Karen ambao amewapata kupitia mwenye nyumba, na mtu hutazama mbele na nyuma. Nilimwelewa, jambo lililoniudhi zaidi. Tuliendelea kupiga mpaka watu wa jirani wakaanza kufunga maduka.

Jumamosi ya mwisho kabla ya tamasha nilitandaza karatasi yangu kwenye stendi ikiwa na herufi zake zote. Kiongozi aliiona, akapita. Nilidhani nimeshinda. Mwishoni mwa mazoezi alikusanya karatasi za kila mtu, akasema anakwenda kuzitia kwenye folda nyeusi za namna moja, tupendeze. Nikampa. Hata nikamshukuru.

Tamasha lilikuwa Jumapili saa kumi alasiri, katika ukumbi wa kanisa moja huko Westlands, kati ya minara ya ofisi, na baa ya jirani ikijaribu spika zake. Mama alikuja kutoka nyumbani na wenzake wawili wa sauti ya pili, wote wamevaa sare ya kwaya kana kwamba ndio wataimba. Walikaa safu ya kwanza, mbele ya wageni wa kiongozi, na hakuna aliyethubutu kuwahamisha. Tuliingia, tukapigiwa makofi, tukaketi. Folda sita nyeusi zilitungoja kwenye stendi sita. Nikafungua yangu.

Ilikuwa nyeupe. Nakala safi, imetoka kwenye mashine siku hiyo au jana yake, noti za mistari peke yake, hakuna herufi, hakuna duara, hakuna daraja. Nilifungua ukurasa wa pili na wa tatu, nikijua. Kiongozi alikuwa ameshainua fidla. Alinitazama juu yake kwa jicho la mtu aliyemaliza shauri.

Ningeweza kupiga. Nasema hili ili nisieleweke vibaya: ufunguo ule naujua, na kazi ile nilikuwa nimeila na kuilala. Pengine ningepita salama na asingejua mtu. Lakini nilikaa pale na viola mapajani, nikaona kwamba nikipiga kutoka kwenye karatasi ile, basi yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na atakayekaa kwenye kiti hiki kuanzia leo atakuwa mtu mwingine mwenye mikono yangu.

Nikasimama.

"Kaa," kiongozi akasema bila kusogeza midomo.

Niliweka viola kwenye kiti, ili kiti kisikae wazi, nikatembea. Ukumbi ulikuwa kimya hivi kwamba nilisikia viatu vyangu vya mtumba vikilalamika mpaka mlangoni. Katika chumba cha nyuma, tulikoacha mizigo, nilifungua mkoba wa kiongozi bila ruhusa yake, na sijuti. Karatasi zangu zilikuwa chini ya sweta. Angalau hakuzitupa, na hilo nampa. Nilizikunjua, nikazipangusa vumbi lisilokuwapo, nikarudi.

Watu wa Nairobi wakimwona mtu anaingia jukwaani peke yake, hupiga makofi, hawaulizi. Walipiga. Wale mama watatu walipiga kuliko wote, na mmoja wao akaanza kusimama. Nikainama kidogo. Kwa nini nisiiname? Nikatoa folda nyeusi, nikailaza sakafuni, nikatandaza karatasi zangu za penseli mahali ambapo kila mwenye macho na simu angeziona. Kisha nikamtikisia kiongozi kichwa kwamba niko tayari, kana kwamba tulikuwa tukimngoja yeye.

Alianza kwa kasi, kwa hasira. Sawa. Hasira ninayo pia. Mjerumani alitaka hivyo hivyo, nadhani, maana kazi ile haikuwahi kusikika vile huko Karen na viatu vimevuliwa. Viola ya pili haipewi wimbo mara nyingi. Inashika katikati, kama sauti ya pili kwaya ikiimba, na usipoisikia hujui ni nini kilichopungua. Niliishika. Pale palipohama nilihama, nikiwa na furaha mbaya isiyofaa kanisani, na nyuma ya bega langu nikasikia selo ya pili ikihama nami, kwa sauti kubwa kuliko fundi alivyowahi kupiga. Katika kazi ya Mrusi nilikosea mara moja, vidole vilichelewa kugeuka. Kosa la kawaida la mpigaji yeyote. Sikuona haya.

Wageni walipenda. Walikuja mbele na simu zao wakapiga picha stendi, na wawili walipiga yangu, mmoja akimwambia mwenziwe kwamba nyanya yake alikuwa akiandika hivyo. Mama alisema tumeimba vizuri ila hatukuomba kabla ya kuanza. Kiongozi alikunja skafu, akachukua mkoba wake, akautazama ndani, akaufunga.

Alhamisi ujumbe wake ulifika kwenye simu. Ulikuwa wa adabu sana. Alinishukuru kwa mchango wangu, akaandika kwamba baada ya kutafakari wameonelea nipumzike kidogo. Kila aliyefanya kazi ofisini mjini humu anajua neno hilo. Mtu akiambiwa apumzike, meza yake tayari imepimwa na mwingine. Niliusoma mara tatu katikati ya mafaili. Nililia, mlangoni mwa choo cha ofisi, dakika mbili hivi. Kisha nikanawa uso.

Jumamosi nilikwenda Karen kwa saa ile ile. Mwenye nyumba alinifungulia, akaniuliza chai au kahawa. Nilivua viatu. Wanne walikuwa wamefika, na fundi alikuwa akipaka upinde wake ulimbo. Kiti changu kilikuwa pale, nikakikalia, nikatandaza karatasi. Kiongozi aliingia kutoka barazani, akasimama.

Aliniuliza kama sikupata ujumbe wake. Nikamwambia niliupata.

"Si nilisema upumzike?"

"Sijachoka, mwalimu."

Niliweka viola begani, nikamwomba anipe A, ile noti ya kulinganishia nyuzi. Fidla yake alikuwa ameishika mkononi, imening'inia, na hakuiinua. Wote walimtazama yeye. Nami nilimtazama, upinde wangu juu ya uzi, nikijua kwamba siwezi kuanza bila noti ya mtu, na kwamba sitaondoka.

Kisha A ikaja. Ilitoka nyuma yangu, chini, kwenye selo ya pili, ndefu, bila kutetemeka, na fundi aliendelea kuivuta mpaka nikaipata.